Nyumba za Kubomolewa kwa Usiku Mmoja

Alberobello ni mji uliojengwa uweze kubomolewa. Mimi ni binti wa fundi mwashi wa Tanga. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mazungumzo ya chakula cha usiku yalikuwa msingi, timazi na bei ya saruji. Kwa hiyo niliposoma kwamba kusini mwa Italia kuna mji mzima wa mawe yaliyopangwa makavu, pasi chokaa wala udongo, tena kwa makusudi, nilitaka nikautazame kwa macho ya marehemu baba. Picha zake nilikuwa nimeziona miaka mingi: mapaa ya msonge ya kijivu yamebanana juu ya kilima, kuta nyeupe pe chini yake, misalaba na mioyo imechorwa kwa chokaa juu ya mapaa. Nilidhani ni nyumba za mapambo, nikazipita. Kilichoniamsha ni sababu yake. Waliojenga vile walikatazwa chokaa ya kushikia mawe. Aliyewakataza ni mwinyi wao, na aliwakataza ili yeye asilipe kodi.

Binamu yangu anasoma uhandisi Bari, akakubali kuwa mkalimani wangu kwa malipo ya chakula. Ilikuwa Novemba, msimu ambao vyumba vya wageni vina nafasi na wenyeji wana muda wa kuongea. Reli ndogo iendayo huko ilikuwa katika matengenezo, tukapanda basi.

Ukiiacha pwani ya Adriatiki nchi inainuka taratibu hadi kwenye uwanda wa juu uitwao Murge. Udongo ni mwekundu, mizeituni imetandikiwa nyavu za kudakia matunda, na kila shamba limezungushiwa ukuta mfupi wa mawe. Mawe yako kila mahali.

"Dada, hapa ukitaka kupanda mchicha unaanza kwa kutoa lori la mawe," binamu akaniambia, na hakuwa ametia chumvi nyingi.

Uwanda wote ni mwamba wa chokaa uliotobokatoboka. Mvua ikinyesha maji yanazama papo hapo, wala mto hauoni. Karibu na njia yetu kuna mapango ya Castellana, yaliyoanza kuchunguzwa mwaka 1938, ambamo maji hayo yaliyozama yamechonga kumbi kubwa chini ya miguu ya wakulima. Tangu zamani mkulima wa huku alikuwa na maswali mawili: mawe ayatupe wapi, na maji ayapate wapi. Trullo, nyumba ya huku, ambayo zikiwa nyingi huitwa trulli, iliyajibu yote mawili. Mawe ya shambani yakawa ukuta na paa, na paa likawa la kukingia mvua.

Hilo ni jibu la ardhi. Kwa ajili ya jibu la mwinyi tulishuka Conversano.

Ngome ya Conversano imekaa juu ya mji wake ikiangalia mashamba hadi baharini. Ukoo wa Acquaviva d'Aragona ulitawala kutoka humo kwa karne kadhaa, na mwanaukoo anayekumbukwa zaidi ni Konte Giangirolamo II, aliyezaliwa 1600 na kufariki 1665. Watu walimwita Guercio, yaani mwenye makengeza. Ndani ya ngome kuna picha kumi kubwa za rangi ambazo alimwagiza mchoraji Paolo Finoglio azichore kutokana na visa vya Gerusalemme Liberata, utenzi wa Torquato Tasso kuhusu vita vya msalaba. Nilikaa nazo muda mrefu. Deraya zinang'aa, mahameli inamwagika, wanawake wana huzuni ya kitajiri. Makengeza au la, bwana yule alikuwa na jicho la sanaa, na alikuwa na fedha ya kulipia. Ukishaziona ndipo habari ya chokaa inapokukaa vizuri kichwani.

Habari yenyewe ni hii. Puglia, mkoa huu wa kusini, ilikuwa sehemu ya Ufalme wa Naples, na katika ufalme huo kulikuwa na sheria iliyoitwa Pragmatica de Baronibus: mwinyi anayetaka kuanzisha makazi mapya sharti apate ruhusa ya mfalme na alipe. Konte wa Conversano alikuwa na msitu wa mialoni uliojulikana kwa Kilatini kama Silva Arboris Belli. Alitaka msitu ufyekwe, ngano ilimwe, na kwa hiyo alihitaji watu wahamie huko. Watu walikuwa wameanza kukaa muda mrefu kabla yake, na kufikia katikati ya karne ya 16 zilikuwapo trulli kama arobaini. Chini ya Guercio, katika karne ya 17, idadi ikapanda. Aliamuru kujengwe kinu cha kusagia, tanuri la mikate na nyumba ya wageni. Wakulima wenyewe wajenge, lakini mawe makavu tu. Mkaguzi wa mfalme akitokea, mji usiwepo. Yawepo marundo ya mawe shambani, na marundo ya mawe hayalipiwi kodi.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1644 jambo hilo lilitokea kweli. Habari za ukaguzi zilimfikia konte mapema, akaamuru nyumba zishushwe, na watu wakalala msituni mpaka mkaguzi alipokuja, akaona mawe, akaondoka. Kisha wakazipandisha tena. Sijui watoto wa nyumba zile waliambiwa nini usiku huo.

Kwenye basi la kuendelea na safari nilimsimulia binamu kuhusu kodi ya nyumba ambayo Wajerumani waliianzisha kwetu mwaka 1898. Ilihesabu vibanda. Watu wakajibana, familia mbili tatu chini ya paa moja. Vibanda vikapungua kwenye daftari la serikali, watu wakabaki walewale. Kenya chini ya Waingereza mambo yakawa hayohayo. Lakini kwetu aliyekwepa alikuwa mlipaji mwenyewe, na faida, ingawa ni ya kulala mmebanana, ilikuwa yake. Huku aliyekwepa alikuwa na picha kumi za Finoglio ukutani, na aliyelala chini ya mawe yasiyoshikwa na kitu alikuwa mtu mwingine.

"Na hao waliobomoa walilipwa?" binamu akauliza.

Nikamwangalia. Akacheka mwenyewe.

Alberobello iko mita 400 na ushee juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Novemba unakukumbusha. Watu wake ni kama elfu kumi hivi. Mji mpya ni wa kawaida kabisa, maghorofa mafupi, benki, duka la dawa. Unaupita wote, unafika kwenye kibaraza cha kutazamia kando ya kanisa la Santa Lucia, na hapo ghafla mtaa wa Rione Monti unakuwa wote mbele yako, umepanda kilima cha ng'ambo: trulli 1,030 kwenye eneo la hekta sita. Upande mwingine, mtaa wa Aia Piccola una 590 nyingine. Nitakiri kwamba maneno yaliniisha. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kodi, na mji ukawa mzuri bila kuniomba ruhusa.

Rione Monti ni soko. Karibu kila mlango wa chini ni duka: trulli ndogo za mawe za kuweka mezani, mafuta ya zeituni, vitambaa, vileo vya rangi zisizo za kawaida. Mwenye duka anakukaribisha upande hadi kwenye kibaraza chake cha juu upige picha bure, na ukishuka, ngazi inakutoa katikati ya bidhaa zake. Si ulaghai, ni biashara nzuri. Kileleni kuna kanisa la Sant'Antonio la mwaka 1927, nalo lina kuba la msonge ili lisijitenge na majirani. Ni kanisa la heshima, ila kwangu linajitahidi mno.

Tulipanga Aia Piccola, mtaa ambao bado una nguo za kuanikwa na paka wenye makwao. Jina lake linatokana na kiwanja cha kupuria nafaka. Hapo ndipo wakulima walipopura ngano yao na fungu la konte likatolewa. Nyumba yetu ya kulala ilikuwa trullo ya chumba kimoja kikubwa na vijichumba vilivyochimbwa katika unene wa ukuta, kimoja cha kitanda, kimoja cha jiko. Pazia linatenganisha. Ukuta ni mnene kiasi kwamba nilipoketi kwenye kizingiti cha dirisha miguu yangu yote ilipata mahali. Juu, mbao zimelazwa kukatiza msonge na kufanya dari, ambamo zamani zilihifadhiwa nafaka na vitu vya nyumba, na ngazi ya kupandia imeegemea pembeni. Uani kuna kifuniko cha jiwe: chini yake ni birika. Mvua inayopiga paa inakusanywa kwenye mlizamu, inashuka humo, na kwa vizazi vingi hayo ndiyo yalikuwa maji ya kunywa, ya kupikia na ya kunawa. Maji ya bomba yalisubiri mradi mkubwa wa kuvuta maji ya mto Sele kutoka upande wa pili wa milima ya Apenini. Bari yenyewe iliyapata mwaka 1915.

Wanaosifu nyumba hizi husema ni baridi wakati wa joto na za joto wakati wa baridi. Nusu ya kwanza naiamini. Usiku ule wa Novemba ukuta ulikuwa umekunywa unyevu, na kwenye kona kulikuwa na mashine ya kufyonza unyevunyevu ikinguruma mpaka alfajiri, ambayo haimo kwenye picha yoyote niliyowahi kuona. Mtandao wa simu ulipatikana mlangoni tu. Binamu alilala mlangoni.

Asubuhi tulimkuta bibi mmoja wa jirani akifagia mbele ya kwake. Binamu alimwamkia kwa adabu zote za Kipuglia alizojifunza, naye akatupa viti. Alizaliwa kwenye trullo, wazazi na watoto chumba kimoja, na punda chumba cha pili. Nilimuuliza kama aliipenda nyumba ile. Akamtazama binamu kuhakikisha ametafsiri sawasawa.

"Nilitaka fleti," alisema. "Nilipoolewa nilitaka kabati la milango mitatu. Kabati la milango mitatu halipiti pale," akaonyesha mlango wake kwa ufagio.

Dada zake walikwenda Torino, kama watu wengi wa kusini walivyofanya baada ya vita, wakapata viwanda na makabati. Yeye alibaki kwa sababu ya mama mkwe. Sasa watoto wa dada zake wanamwomba asiuze, na watu wasiomjua wanabisha hodi kumuuliza bei. Wanaonunua, aliniambia, hununua ili wapangishe wageni. "Wageni kama ninyi," akaongeza, bila ubaya wowote, akaenda kutuletea kahawa.

Ndiye aliyetuelekeza kwa fundi. Kwenye kichochoro cha nyuma mzee mmoja na kijana wake walikuwa wamelivua nusu ya paa la trullo, na mawe bapa, ambayo wao huyaita chiancarelle, yamepangwa chini kwa ukubwa. Nilisimama. Baba alikuwa na desturi ya kusimama kila anapoona mafundi wenzake wakijenga, mpaka mama anaona aibu, na nadhani mambo hayo hurithiwa. Binamu akaeleza kwamba dada yake huyu ni mtoto wa mwashi kutoka Afrika Mashariki. Mzee akanyoosha mkono kuniomba nimpe jiwe lililokuwa karibu na mguu wangu, na tangu hapo tukawa kazini.

Ukuta wa trullo huanza juu ya mwamba wenyewe. Msingi wa kuchimba hauhitajiki, kwani chini ya kisigino chako tayari ni jiwe. Ukuta una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na kati yake panajazwa kokoto na vipande vidogo. Vyumba vingi ni vya pembe nne, jambo ambalo picha huficha. Kazi ya fundi ni kuubadilisha mraba kuwa duara kabla paa halijaanza, kwa kulaza mawe yakikatiza pembe, pembe zikipungua safu kwa safu mpaka duara linapatikana. Kisha paa. Kila mzunguko wa mawe unatokeza ndani kidogo kuliko ulio chini yake. Mawe ya mzunguko mmoja yakishakutana yanakabana, hakuna linaloweza kuanguka ndani bila kuyasukuma mengine, kwa hiyo fundi hahitaji mbao za kushikilia chochote. Anapanda na kazi yake. Mizunguko inapungua hadi tundu dogo linabaki, nalo linafunikwa kwa jiwe moja. Hilo ni paa la ndani. Kwa nje linavikwa paa la pili la chiancarelle, zimelalia nje kidogo ili maji yakimbie, na juu kabisa kinasimikwa kinara cha jiwe: mpira, sahani au msonge mdogo, kilichopakwa chokaa. Vinara vinatofautiana, na mafundi waliokuwa na majina walivichonga kwa mtindo wao.

Kuna kisa ambacho waongozaji wa watalii wanakipenda: ukichomoa jiwe la juu, nyumba nzima inaporomoka, na ndivyo wakulima wa Guercio walivyobomoa haraka. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi. Nikiwa nimesimama pale, nikitazama mizunguko imekaa imara ilhali sehemu ya juu yote imevuliwa, niliona hakiwezi kuwa kweli. Kila mzunguko unajitegemea. Jiwe la juu linaziba tundu, basi. Nilimuuliza mzee.

Alicheka mpaka akashika ubao. "Mwambie dada yako anaweza kuchomoa lile pale," akamwambia binamu, akionyesha kinara cha nyumba ya jirani, "halafu mwenye nyumba atamchomoa yeye."

Kubomoa, alieleza, ni kazi ya mikono mingi kuanzia juu, jiwe baada ya jiwe. Uzuri wake ni kwamba hakuna kinachoharibika. Jiwe lililoshikwa na chokaa ukilibandua linakuwa na kovu, pengine linapasuka. Jiwe kavu unaliweka chini na kesho unalirudisha mahali pake. Ndiyo maana waliweza kuubomoa mji na kuupandisha tena. Hata yeye, mawe anayoyaona bora ni ya mapaa ya zamani yaliyovunjwa: yameshazoea mvua.

Nikamweleza kuhusu Thimlich Ohinga, karibu na Migori nchini Kenya, ambako kuta za mawe makavu zinazozunguka makazi ya kale, nyingine zikifikia mita nne, zimesimama kwa kadiri ya miaka mia tano. UNESCO iliuingiza mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Mwaka huohuo iliitambua sanaa ya kujenga kwa mawe makavu ya nchi nane za Ulaya, Italia ikiwa mojawapo. Habari ya UNESCO haikumshtua. Alitaka kujua mawe ya Migori ni ya aina gani, na kama yanachongwa. Nikasema hayachongwi, yanachaguliwa yanavyolingana. Akatikisa kichwa kwa heshima na kumgeukia kijana wake kwa maneno makali ambayo binamu alikataa kuyatafsiri.

Nilimuuliza kazi ya paa lile itachukua muda gani. Ya mawe, wiki chache. Ya karatasi, zaidi ya hapo. Nyumba hizi zilianza kulindwa kisheria sehemu kwa sehemu kati ya 1909 na 1936, na tangu 1996 mitaa yote miwili iko kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ukitaka kubadilisha dirisha, ofisi ya urithi ije ione. Kupanua mlango upitishe kabati, usijaribu. Mji ambao mkaguzi alipofika ulitakiwa kutoweka, sasa mkaguzi akija anahesabu kama kila jiwe lipo. Mzee hakuona kichekesho chochote katika hilo. Aliona fomu.

Mchana tulikwenda kuangalia jinsi hali ya konte ilivyokwisha. Mwishoni mwa karne ya 18 watu zaidi ya 3,500 walikuwa wakiishi katika makazi ambayo hayakuwa mji kwa mujibu wa sheria, bila diwani wala hakimu wao. Mwaka 1797 mfalme Ferdinand IV alikuwa Taranto, na wajumbe saba kutoka hapa wakaenda kumlilia. Tarehe 27 Mei akatia sahihi: wako huru na umwinyi wa Acquaviva, ni mji wa mfalme, jina ni Alberobello. Uwanja mmoja unaitwa kwa tarehe hiyo.

Karibu na hapo ipo nyumba iitwayo Casa d'Amore. Haina uhusiano na mapenzi: D'Amore ni jina la ukoo wa Francesco D'Amore, meya wa kwanza. Ina ghorofa, ina uso ulionyooka, na maandishi ya Kilatini ukutani yanatangaza kuwa ndiyo ya kwanza kuinuliwa kwa idhini ya mfalme, 1797. Imejengwa kwa chokaa. Watalii wanaipita bila kugeuza shingo, maana ni nyumba ya kawaida, na sikuona mtu akiipiga picha zaidi yangu. Kwangu ndiyo nyumba ya ajabu kuliko zote mjini. Mtu anapata uhuru, na jambo la kwanza analofanya ni kukoroga chokaa. Na wenzake wakamfuata: tangu mwaka ule ujenzi wa trulli mpya ulishuka haraka. Walipopewa hiari, waliacha.

Baba angenipinga, nadhani, pale Trullo Sovrano. Iko nyuma ya kanisa kuu la Watakatifu Cosma na Damiano, na ilijengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 kwa ajili ya ukoo wa padri Cataldo Perta. Ni ya ghorofa, ngazi imejengwa ndani ya ukuta, na kuba lake la katikati linapanda mita kama 14 likizungukwa na misonge mingine. Wataalamu huitaja kuwa mfano wa mapema wa trullo iliyotumia chokaa, miongo kadhaa kabla ya sahihi ya mfalme. Padri, inaonekana, alikuwa na sheria zake. Lakini ni jengo la fundi aliyejua kila kitu na kupewa nafasi ya kukionyesha, wala hakuichagua misonge kwa kukosa njia nyingine. Mtu anaweza kupenda alichofundishwa kwa kulazimishwa. Nilizunguka ndani mara mbili, vitanda, vidaka, tanuri, na hasira yangu ya Conversano ikawa na kasoro.

Tulikula sahani moja inayopatikana kote huku, fave e cicoria: maharage mapana makavu yamepikwa hadi yakavurugika kuwa rojo zito, pembeni majani ya cicoria yenye uchungu, mafuta ya zeituni juu. Yale majani ni ndugu wa mchunga, kwa ladha na kwa ukoo wa mimea pia, na binamu, aliyekataa mchunga utoto mzima, alimaliza lake na kuanza langu. Hiki kilikuwa chakula cha waliokuwa wakipura ngano ya konte. Ngano yenyewe siku hizi inaliwa katika tambi za orecchiette, zenye umbo la sikio.

Kabla ya kurudi Bari nilimlazimisha binamu twende Locorotondo, mji wa jirani upande wa kusini mashariki, dakika chache kwa gari. Hapo ndipo nilipotaka kupima hadithi yote. Ardhi ni ileile, mawe ni yaleyale, na mashambani kuzunguka mji huo trulli zimetapakaa kila bonde. Wakulima wa huko hawakuwa wakimficha mkaguzi yeyote. Walijenga hivyo kwa sababu mawe yalikuwa bure na hayahitaji tanuri la kuchomea chokaa. Lakini ndani ya mji wenyewe hakuna misonge. Kuna nyumba ndefu nyembamba za ghorofa, zimeshikwa vizuri kwa chokaa, na mapaa yake ni ya mgongo wa kuchongoka yaliyofunikwa kwa zile zile chiancarelle. Wanaziita cummerse. Locorotondo ulikuwa mji wa zamani, unaotambulika, chini ya mabwana wengine.

Kwa hiyo wanaosema trullo ilizuliwa na kodi wanakosea, na wanaosema kodi ni hekaya tu ya watalii wanakosea vilevile. Mwamba ndio uliofundisha watu kujenga trullo. Konte ndiye aliyeifanya iwe mji. Kibanda cha shambani, cha kulala msimu wa mavuno na kuwekea majembe, kililazimishwa kuwa mtaa, kanisa, harusi na maziko ya watu elfu tatu na mia tano, na ndiyo maana mahali pengine popote huku unaona trulli zimetawanyika, na Alberobello peke yake unaziona zimebanana.

Nilimweleza mhudumu wa mgahawa wa Locorotondo nadharia yangu, kupitia binamu, ambaye kufikia hapo alikuwa amechoka kutafsiri. Nikamuuliza kwa nini mjini kwao hawajengi trullo.

"Trullo ni ya shamba," alijibu, akifuta meza. "Bibi yangu alikuwa nayo. Mjini unajenga nyumba."

Binamu akanitafsiria, akaongeza kwa Kiswahili kwamba huyu jamaa angefaa kuwa mwashi wa Tanga. Tukalipa na kwenda kusubiri basi la Bari, lililokuja likiwa limejaa wanafunzi, tukasimama hadi Putignano.